Ukiambiwa chaki "inaingia leti yoyote", kimbia

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba huu uzi msiupeleke kule kwenye matangazo. Siuzi kitu, nimeuziwa.

Naongelea chaki ya leti (mashine ya kukerezea chuma), ile ya kubania chuma kinachozungushwa, siyo ya ubaoni. Nasema mapema kwa sababu mke wangu aliposikia nimelipa laki tatu na nusu kwa ajili ya chaki aliniangalia kama nimelogwa.

Nina leti ndogo nyumbani, Boxford ya zamani, niliipata kwenye karakana iliyokuwa inafungwa. Ilikuja na fesipleti (sahani ya chuma ya kufungia kazi) na senta mbili (ncha za kushikilia chuma huku na huku), chaki hakuna. Pua ya spindo yake (mhimili unaozunguka, ndipo chaki inapofungwa) ni ya thredi, yaani msokoto kama wa skrubu: inchi moja na nusu, thredi 8 kwa inchi. Nikaandika hayo kwenye karatasi, nikaenda Gerezani hapa Dar, nikamkabidhi muuzaji mkononi. Jina la duka nalihifadhi, bado nadai.

Hakuisoma. Wallahi hakuisoma. Alianza kwa kunitolea chaki ya milimita 200: "Mzee chukua hii, kubwa ndiyo kazi." Leti yangu inazungusha kitu cha upana wa milimita 230 hivi juu ya kitanda (reli zake za chini), basi. Chaki ya 200 ukifungua taya (meno ya kubania) kidogo tu zinatokeza nje ya mwili wake, na kitu cha kwanza zinachokutana nacho ni kitanda. Nikakataa. Akaleta yenye vijiti vitatu mgongoni, ya leti za ukoo mwingine kabisa. Nikakataa. Mwisho ikaja ya 125, taya tatu, mgongo bapa, mpya ya Kichina bado imelowa grisi. Hiyo ndiyo niliyoitaka tangu asubuhi. Mgongo bapa unataka bekipleti katikati: upande mmoja thredi ya mashine yako, upande wa pili bega la kukalia chaki na matundu matatu ya boliti. "Usijali mzee, bekipleti ipo, inaingia leti yoyote."

Leti yoyote!

Nyumbani nikafuta spindo, nikatia tone la oili, nikaizungusha bekipleti kwa mkono. Mzunguko wa kwanza laini. Wa pili mzito. Wa tatu haukuisha. Nikachukua venia (kipimo cha upana) na geji ya thredi: wamechonga milimita 38 kwa hatua (umbali wa thredi hadi thredi) ya milimita 3. Inchi moja na nusu ni 38.1, na thredi 8 kwa inchi ni hatua ya 3.175. Kwa macho ni mapacha. Lakini kila mzunguko unaachana kwa 0.175, ukifika wa tatu tofauti imepita nusu milimita na thredi inajikaba yenyewe. Ningetumia bomba na ubabe leo ningekuwa natafuta spindo, na hiyo ukiitafuta utazeeka.

Nikairudisha, bila kelele. Fundi wao akaenda nayo nyuma, dakika ishirini nasikia chuma kinalia, akarudi anatabasamu: "Sasa inaingia." Inaingia kweli, kama kofia ya babu kwenye kichwa cha mtoto. Nikafunga chuma nyoofu cha milimita 25, nikaweka dayogeji (saa ya kupimia kuyumba): inayumba milimita 0.6. Nikapiga simu. "Ibane sana boss, itakaa."

Haitakaa, ndugu yangu! Na hapa ndipo presha inaponipanda, maana kosa hili mnalifanya kila siku na mnalipwa. Thredi mnaweza kuchonga dukani kwenu, sawa. Lile bega linamaliziwa kwenye mashine itakayolibeba, bekipleti ikiwa imeshafungwa kwenye spindo yake, ili hata kama thredi ina kaupogo kadogo, bega lizunguke sawa na spindo. Aliyepita VETA (chuo cha ufundi) kwenye ukerezaji anajua. Bekipleti iliyomalizwa kote kwa ajili ya "leti yoyote" haifai leti hata moja.

Nimetengeneza mwenyewe. Kuna puli ya kasti (chuma cha kumimina) ya mashine ya kusaga, ilivunjika mdomo lakini kitovu chake kinene na tundu dogo. Tatizo, spindo ikiwa kazini huwezi kuitoa ukapimie thredi unayochonga. Kwa hiyo kwanza nikakereza nakala ya pua ya spindo, chuma kikiwa kati ya senta mbili, nikawa naitoa na kuijaribu kwenye thredi ya fesipleti mpaka ikaingia bila kucheza. Halafu puli nikaibana juu ya fesipleti, nikachonga thredi ya ndani nikipima kwa ile nakala. Skrubu kuu ya leti hii (inayosukuma kisu) nayo ni thredi 8 kwa inchi, kwa hiyo unaikamatisha popote na kisu kinarudi njia ile ile. Raha iliishia hapo. Kasti inakatwa kavu, na lile vumbi jeusi nimelipenga puani siku mbili.

Bega nikalikereza likiwa kwenye spindo, nikaliacha dogo kwa 0.1 kuliko shimo la chaki. Najua kuna watakaosema likae kwa kubana. Mimi napenda nafasi: unakaza boliti nusu, unagonga chaki kwa nyundo ya mpira huku unaangalia dayogeji, kisha unakaza. Kwenye chuma cha 25 nimepata 0.04. Kwenye cha 12 ikarudi 0.09, na sigombani nayo, ndivyo taya tatu zilivyo. Kazi inayotaka zaidi ya hapo inataka taya nne zinazojitegemea.

Nikadhani nimemaliza. Jana nikafungua pakiti ya taya za nje, zile za kubadilisha unapobana kitu kipana. Taya za ndani zina namba ile ile iliyogongwa kwenye mwili wa chaki. Za nje zina namba nyingine! Nikaziingiza kwa mpangilio, 1, 2, 3. Mbili zimefika katikati, ya tatu imebaki nyuma milimita mbili. Nikahisi nimekosea mpangilio, nikarudia mara tatu. Wamechanganya seti za chaki mbili, na sasa hivi kuna mtu mwingine huko ana taya zangu na anajilaumu hajui kufunga.

Kama ni wewe unayesoma hapa, angalia namba kwenye mwili wa chaki na kwenye taya zako, uni-PM. Natoka na chaki yangu begani, popote ulipo Dar.