Naomba ushauri: kiwango cha protini kwa kuku wa nyama katika joto la Mombasa

Ndugu wafugaji, salaam aleikum. Ninafuga kuku wa nyama 300 hapa Kisauni. Katika kundi lililopita, kwa kuwa chakula cha kiwandani kilikuwa kimepanda bei, nilikichanganya na mashudu ya nazi na pumba za mahindi tangu wiki ya pili, nikidhani ninabana matumizi. Kundi la kabla ya hilo lilifikisha kilo 1.8 kwa wiki 6. Hawa walikwama kwenye kilo 1.3, manyoya hafifu, wakidonoana mikia. Nikalazimika kuwalisha wiki 2 zaidi, na magunia ya ziada yakala akiba yote.

Ninafahamu kwamba kifaranga huhitaji protini ya asilimia 22 hivi mwanzoni, kisha 18 hadi 20 anapokaribia kuuzwa, na kwamba mashudu ya nazi yana nyuzinyuzi nyingi na upungufu wa lisini (kijenzi cha protini). Kinachonitatiza ni joto. Kuanzia Januari hadi Machi kuku wangu huacha kula saa nne asubuhi, wakatweta mabawa wazi hadi alasiri. Je, niongeze protini kwa sababu wanakula kidogo, ingawa mmeng'enyo wake huzidisha joto mwilini, au nibaki na kiwango hicho na kuongeza lisini na methionini (kijenzi kingine cha protini)?

Dagaa wakavu ninawapata soko la Kongowea kwa urahisi, lakini mteja mmoja alishanirudishia nyama iliyonuka samaki, na kusema kweli alikuwa na haki. Mwenye hesabu ya gharama ya chakula kwa kila kilo ya nyama, tafadhali anisaidie.