Tupeane uzoefu: kuweka Linux pamoja na Windows kwenye laptopu moja

Wakuu, heshima kwenu. Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ukome tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za mtumba wamebaki njia panda. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine) na prosesa za miaka ya karibuni, kwa hiyo mashine nyingi nzima kabisa hazikubaliki. Mimi nimeweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, bila kufuta Windows, maana programu ya uhasibu ninayotumia kazini ni ya Windows tu. Aliyepitia njia hii aandike alichokutana nacho, hasa kile ambacho video za mafunzo hazigusi.

Naanza mwenyewe. Kazi kubwa iko ndani ya Windows, kabla hujachomeka flashi yenye kisakinishi cha Linux. Nakala ya mafaili kwenye diski ya nje, hilo halina mjadala. Halafu angalia BitLocker, kufuli la Windows la kusimba mafaili ya diski. Laptopu nyingi huja diski ikiwa imefungwa nayo na mwenyewe hana habari. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS (ile ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka), inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao mafaili ndiyo basi tena. Mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Unakili kwenye karatasi kabisa. Baada ya hapo nilipunguza diski C kwa Disk Management ya Windows yenyewe, nikaacha GB 60 wazi, nikazima Fast Startup (mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka). Hiyo ikiwa imewashwa, Windows haizimiki sawasawa, inalala tu, na ukiingia Linux mafaili ya upande wa pili unaweza kuyasoma lakini huwezi kuyahifadhi.

Kusakinisha kwenyewe kulikuwa kwepesi. Kupakua ndiko kulikokula bando.

*Mchangiaji, Arusha:*
Mkuu umesahau saa! Nikitoka Linux kurudi Windows, saa tisa alasiri inasomeka saa sita mchana. Linux huiwekea mashine saa ya UTC (saa ya kimataifa), Windows inaichukulia kuwa ni saa ya hapa kwetu, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Fungua terminali ya Linux (dirisha la kuandikia amri), andika timedatectl set-local-rtc 1, yamekwisha.

*Mchangiaji, Mombasa:*
Yangu ilikataa kuona Wi-Fi. Nilichomeka simu kwa waya wa USB nikaiwasha itoe intaneti, kisha Mint ikatafuta draiva yenyewe. Ndugu zangu, jaribuni kwanza kwa flashi bila kusakinisha: Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa kioo. Hapo hujagusa diski hata kidogo.

*Mchangiaji, Kahama:*
Laptopu ya mdogo wangu wa chuo, kisakinishi hakikuona diski kabisa. Kwenye BIOS diski iliwekwa RAID badala ya AHCI (namna mbili za mashine kuwasiliana na diski). Angalizo kubwa: ukibadilisha ghafla, Windows inaweza kugoma kuwaka. Tuliiambia Windows iwake kwa Safe Mode (hali ya kuwaka na vitu vya msingi tu), tukabadilisha BIOS wakati inajiwasha upya, tukaondoa Safe Mode. Windows na Linux zote zinapiga kazi hadi leo.

*Mchangiaji, Dodoma:*
Natofautiana kidogo na mleta mada. Kama laptopu ina nafasi ya SSD ya pili, nunua, hata ndogo. Kila mfumo ukae kwenye diski yake, unachagua kwa kitufe cha menyu ya boot wakati mashine inawaka. Kuchanganya kwenye diski moja nawaachia wasio na namna.

*Mleta mada:*
Mkuu wa Dodoma, nakubali, ila mashine nyingi za mtumba zina nafasi moja tu, na wengi humu ndio tuko huko. Kwa walioniuliza pembeni kuhusu RAM: GB 4 Mint ya Xfce (toleo lake jepesi) inatembea, lakini kivinjari kikishafungua kurasa nyingi utaona inahema. Ukipata GB 8 ndipo utaifurahia. Nani ameshafanya hili kwenye laptopu yenye kadi ya picha ya NVIDIA? Tunahitaji uzoefu wake hapa.