Maafisa mikopo wako hoi, mkurugenzi anataka bonanza. Hela ianzie wapi?

UtumishiUyole
Wakuu, habari za jioni. Taasisi ya mikopo midogo, watu 34, makao Mbeya mjini, matawi Tunduma, Ubaruku na Mafinga. Bodi imepitisha milioni 4 kwa mwaka za "ustawi wa wafanyakazi". Mkurugenzi anataka bonanza kila robo mwaka: mbio za asubuhi, nyama choma, fulana za "Jitunze" na mzungumzaji wa kutia moyo. Huku ndani ya miezi sita maafisa mikopo wanne wameacha kazi, na kila Jumatatu kuna ED (ruhusa za daktari za kupumzika kazini) za siku moja: kichwa, vidonda vya tumbo, taifodi isiyoisha. Nipeni mpango wenye hatua na namba wa kumwekea mezani. Maneno matamu tunayo ya kutosha.

MizaniYaKazi
Mkuu, kabla hujatumia hata mia, fungua grupu la WhatsApp la ofisi uangalie saa za ujumbe. Kama orodha ya marejesho inarushwa saa 3 usiku, majina ya waliokusanya pungufu yakiwa na X nyekundu, ugonjwa umeshauona. Chukua wiki nne, andika kwa kila afisa saa ya ujumbe wa kwanza wa kazi na wa mwisho. Kisha linganisha na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Kati ya siku na siku ni mapumziko ya saa 12 mfululizo. Aliyefunga hesabu saa 3 usiku akatakiwa ofisini saa 1:30 asubuhi kapumzika kwa saa kumi na nusu tu. (Anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa kiongozi mwandamizi hahesabiwi hapa, kwa hiyo mameneja wa matawi waweke kando kwanza.)

La pili, na hili ndilo linalokosesha watu usingizi: afisa kujazia pengo la mteja kwa mshahara wake. Makato ya hasara yanataka maelezo ya kilichotokea na kiasi, nafasi ya kupinga, ridhaa ya maandishi, na jumla isizidi robo ya ujira. "Jazia tu, mteja atakurudishia" haimo humo. Tena inaficha tatizo: kikundi kinaonekana kinalipa vizuri, afisa anaongezewa kingine, na deni lake mwenyewe linakua kimyakimya. Kulikamata ni rahisi. Toa taarifa ya miamala, tafuta namba moja ya simu inayolipia wateja zaidi ya mmoja.

MpungaNaRiba
Naongezea kwa Ubaruku. Mpunga wa Mbarali unavunwa zaidi kati ya Mei na Julai. Umetoa mkopo wa pembejeo Desemba kwa rejesho la kila wiki. Februari mpunga uko majini, mteja alipe nini? Afisa anashinda kwenye pikipiki na mvua akifukuza hela ambayo haijaota. Mkulima alipe riba kila mwezi na mtaji baada ya mavuno, na afisa apimwe kwa msimu. Tunduma ni biashara ya mpakani, rejesho la wiki linakwenda vizuri tu. Kuwapima hao wawili kwa karatasi moja ni uonevu. Hili haligusi milioni 4 hata kidogo, linamgusa mkurugenzi. Ndiyo maana bonanza linapendwa.

KiringoWaGangilonga
Kamwene wakuu. Upande wa tiba, msichanganye mambo mawili. Uchovu wa kazi Shirika la Afya Duniani halijauweka kwenye magonjwa. Sonona (depression) ni ugonjwa. Mara nyingi aliyechoshwa na kazi akienda likizo hupata nafuu. Mwenye sonona husafiri nayo mpaka kwao Tukuyu. Na huku kwetu haji akisema ana huzuni, anasema kichwa, moyo kwenda mbio, kuwaza sana. Ndiyo hizo taifodi zako za Jumatatu, baadhi yake.

Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lipo kwa Kiswahili: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 mtu aonwe na mtaalamu. Swali la tisa ni la kutamani kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri linashughulikiwa siku hiyohiyo, hata kama jumla ni ndogo. Ila utumishi wasiligawe wala kutunza fomu. Ukiligawa wewe, utapata sifuri 34.

Hela iende kwa mshauri wa nje, nje ya jengo. Chumba cha ushauri kando ya mhasibu hakuna atakayeingia. Mlipe kwa kipindi cha dakika 50, ankara ioneshe idadi ya vipindi, majina hapana. Wanaohitaji dawa wapelekwe kitengo cha afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Waambiwe mapema kwamba dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 6. Wengi huziacha siku ya kumi wakidhani hazifanyi kazi. Likizo ya ugonjwa ni ileile: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. ED iandikwe tarehe na kwamba hafai kazini, jina la ugonjwa libaki kwenye faili la hospitali.

Mkifanya bonanza, bia isitoke kwenye bajeti hii. Pombe inaharibu usingizi na kuzidisha sonona.

UtumishiUyole
Ndaga fijo. Atauliza: bila majina, nitajuaje hela imefanya kazi?

MizaniYaKazi
Ujumbe wa kazi baada ya saa 12 jioni, ED za Jumatatu, walioacha kazi, vipindi vilivyotumika. Namba nne, kila robo. Vipindi vikiwa sifuri, usiseme watu wana afya njema. Uliza nani anaona wakienda. Na tawi lenye watu chini ya watano usilitolee takwimu peke yake, watajulikana. Mafinga mko wangapi?

UtumishiUyole
Wanne.

MizaniYaKazi
Basi Mafinga waunganishe na Ubaruku.