Tupeane uzoefu: boti ya besi iliyotumika, faiba au alumini?

#1
Wakuu, salaam. Natafuta boti iliyotumika ya kuvulia samaki aina ya besi na nimebaki na aina mbili, ya faiba (faibaglasi) na ya alumini. Kila muuzaji anasifia aliyonayo, kwa hiyo nawauliza ninyi mnaozitumia. Aliyenunua, aliyekarabati, hata aliyeikagua boti akaiacha, aseme aliona nini na aliona wapi. Sihitaji ubishi wa ipi bora. Nataka kujua zinavyochakaa, maana hazichakai kwa namna moja.

Ninakovulia ni bwawa lenye visiki vingi, na mchana upepo huamka. Gari langu si la kuvuta mzigo mkubwa, na hilo nalitilia maanani. Boti ya faiba ya futi 20 hufika kilo 800 au zaidi kabla hujahesabu injini na trela, na kwa kawaida hubeba injini ya nguvu farasi 200 hadi 250. Ya alumini ya futi 17 au 18 mara nyingi haizidi kilo 600, na injini ya farasi 50 hadi 115 huitosha.

#2
Nimemiliki zote mbili. Kwenye ziwa pana sirudi tena kwenye alumini. Faiba ni nzito na chini ina umbo la V lililochongoka, inapasua wimbi na kuendelea. Ile ya alumini ilikuwa bapa zaidi, kila wimbi mgongo unaliona. Halafu upepo: boti nyepesi haitulii, muda wote unapambana na mota ya umeme ili ubaki pale unapotaka kurusha chambo, na betri zinaisha mapema. Maji yako yakiwa yametulia, haya yote hayakuhusu.

#3
Mkuu, kabla ya kuangalia rangi nenda tezini, yaani nyuma ya boti. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wakilipia mng'aro.

Boti nyingi za faiba za zamani zina mbao ndani. Ukuta wa tezi unaoshika injini ni plaiwudi iliyofunikwa faiba, na zile nguzo ndefu chini ya sakafu nazo ni mbao. Maji huingia taratibu kupitia matundu ya skrubu za kipima kina, matundu ya boliti za injini na tundu la kutolea maji. Mbao inaoza ndani huku nje pakiwaka. Watengenezaji wengi walianza kuachana na mbao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na ile ya 1990, kwa hiyo uliza mwaka, kisha usiuamini mwaka peke yake.

Jamaa yangu aliniomba nimsindikize kukagua moja. Ilikuwa safi, zulia jipya, viti vipya. Tuliinua injini kidogo, nikaegemea sehemu yake ya chini kwa uzito wangu wote huku yeye akitazama kona za tezi. Ukuta ulicheza. Tukagonga kwa nyundo ya plastiki: juu ulilia mlio mkavu, chini mlio ukafa. Tulimwomba mwenyewe ruhusa ya kufungua skrubu moja ya kipima kina. Ilitoka na maji ya kahawia. Tulishukuru tukaondoka.

Tezi iliyooza hutengenezeka, lakini unakata ndani, unatoa mbao yote, unajenga upya kwa rezini, ile gundi inayogandisha faiba. Vifaa si tatizo kubwa. Kazi ndiyo inayomaliza mfuko.

Mipasuko midogo ya juu kwenye jelikoti (lile tabaka la nje linalong'aa), hasa kuzunguka miguu ya viti na vishikio vya kamba, mara nyingi ni ya ngozi tu. Inayoanzia kwenye kona za tezi au inayokimbia chini ya boti kwa urefu, hiyo idadisi hadi uone mwisho wake.

#4
Upande wa alumini, uliza kwanza: ya ribiti (bati zilizoungwa kwa misumari ya kugongwa) au ya kuchomelewa? Zote zipo. Ile boti iitwayo Bass Tracker iliyotoka 1978, ikiuzwa pamoja na injini na trela yake, iliwafungulia watu wengi mlango wa boti za alumini, ndiyo maana kwenye soko la zilizotumika hizi ni nyingi.

Ya ribiti ijaribu ikiwa juu ya trela. Ziba tundu, mimina maji ndani yafike juu ya vifundo vya miguu tu, kausha chini kwa kitambaa, kisha lala chini utazame. Kila tone lizungushie chaki. Usiijaze, lita moja ni kilo moja na trela haikutengenezwa kwa mzigo huo. Ribiti chache zinazovuja si sababu ya kuikataa: mmoja anashika chuma kizito ndani, mwingine anagonga nje, zinakaza. Zikivuja mstari mzima, bati lenyewe limekuwa likicheza kwa muda mrefu.

Ya kuchomelewa, tazama kila mshono kwa tochi. Ufa kwenye mshono unahitaji fundi aliyezoea kuchomelea alumini hasa. Anayejua chuma peke yake atalitoboa bati.

#5
Naongezea kwa #4. Inua zulia, tafadhali. Niliyoikagua mimi ilikuwa imebadilishwa sakafu kwa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Dawa hizo nyingi zina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Chini ya mbao palikuwa na unga mweupe kama chumvi, na nilipoufuta nikakuta vishimo. Vilevile rangi ya chini yenye shaba haifai kabisa kwa boti ya alumini. Na uliza kama imewahi kutumika maji ya bahari.

#6
Povu chini ya sakafu likinywa maji halikauki kirahisi, iwe faiba au alumini. Pitisha boti na trela kwenye mizani ya magari, ulinganishe na uzito wa kiwandani. Ikizidi sana na huoni mzigo, mzigo ni maji.

#7
Kuhusu visiki: kwa mwendo mdogo alumini inabonyea na unaendelea kuvua, faiba inachubuka au kupasuka. Ila sikubaliani na wanaosema faiba ni ngumu kutengeneza. Tundu la faiba nimeliziba mwenyewe nyumbani kwa mkeka wa faiba na rezini. Alumini iliyochanika ilinibidi niipeleke kwa fundi. Kwa bwawa lako ningechukua alumini, nikubali kelele. Weka mkeka sakafuni, maana koleo likianguka kwenye maji mafupi besi wanahama.

#8
Mnasahau injini, na mara nyingi ndiyo ghali kuliko boti. Pima kompresheni (nguvu ya mgandamizo) ya kila silinda. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, uliza maswali. Fungua skrubu ya oili ya gia: ikiwa imegeuka nyeupe, maji yameingia. Soma pia kibao cha uwezo. Kwa boti zilizotengenezwa Marekani za chini ya futi 20, sheria ya huko imekidai tangu 1972. Kinaonyesha uzito na nguvu ya juu ya injini. Injini ikizidi kibao, tezi imekuwa ikiteswa.

#9
Nawashukuru sana. Kwa visiki na gari langu, naegemea alumini ya kuchomelewa ya futi 18. Kuna moja nitaikagua. Mwenyewe amekubali niinue zulia na nifungue skrubu tezini. #5, zile mbao za trela zinazobeba boti nazo nizihofie?

#10
Ndiyo, zikague. Kama ni za dawa ya shaba na zulia lake limechakaa, tazama tumbo la boti pale linapolalia. Ukiwa hapo soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi za trela huzeeka zikiwa zimesimama, hata kashata zake zikiwa bado nzima.