Philadelphia Freedoms 1974: timu bora ilikufaje baada ya msimu mmoja?

Bakari wa Raketi: Wakuu, World Team Tennis, ligi ya tenisi ya timu kule Marekani, ilipoanza 1974, Freedoms ya Philadelphia ilishinda mechi 39 kati ya 44, wanaume na wanawake kikosi kimoja. Msimu wa pili Philadelphia haina timu. Imehamishiwa Boston, inaitwa Lobsters. Mimi nasema ligi iliwaua: timu 16 kwa mpigo ni nyingi mno. Mnasemaje?

Nuru_K: Walifungwa fainali na Denver, basi. Na Billie Jean King, nyota wa Freedoms, asingepewa ukocha huku anacheza. Kazi mbili hizo.

Mzee Kipanga: Nuru, hapo umekosea kabisa. Tony Roche wa hao Denver alikuwa kocha-mchezaji. Ken Rosewall wa Pittsburgh pia. Mbona wao huwasemi? Au kwa sababu King ni mwanamke anayefundisha wanaume?

Nuru_K: Mzee wangu, shikamoo, lakini usinisingizie. Sijataja uanamke popote.

Bakari wa Raketi: Hata bingwa Denver alihamia Phoenix 1975. Kwa hiyo fainali siyo sababu. Turudi kwenye pesa jamani.

Seti_Moja: Pesa zingetoka wapi wakati mlichezesha kitu kisicho tenisi? 40-40 halafu pointi moja, gemu imekwisha, bila kulazimika kumzidi mwenzako kwa pointi mbili. Bahati nasibu!

Mzee Kipanga: Bahati nasibu? Walihesabu 1, 2, 3, 4. Wa kwanza kufika 4 kachukua gemu. Kwa hiyo gemu haizidi pointi 7. Ikiwa 3-3, anayeanzisha akikosa mpira wa kwanza, ule wa pili lazima auingize, na anayepokea anasogea mbele kuusubiri. Hapo moyo ndio unapimwa. ATP yenyewe, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, imeuchukua mtindo huu kwa wawili-wawili tangu 2006.

Seti_Moja: Kwa wawili-wawili, mkuu. Siyo mmoja-mmoja.

Dada Zaina: Mnaacha jambo kubwa: ushindi ulihesabiwa kwa jumla ya gemu za seti zote, siyo kwa idadi ya seti ulizoshinda. Chukua seti tano. Ukishinda tatu kwa 6-4 na kupoteza mbili kwa 2-6, una gemu 22, mwenzako 24. Umefungwa! Ndiyo maana aliyelemewa 1-5 hawezi kulegeza mkono. Akiokota gemu mbili, wenzake wa mseto (mwanamume na mwanamke pamoja) wanaanza na deni dogo. Kocha aliruhusiwa pia kumtoa mchezaji katikati ya seti. Nuru, kazi ya King ilikuwa hiyo, na mechi 39 zinajieleza.

Nuru_K: Hilo la jumla nakubali, dada. La kazi mbili bado sijakubali.

Bakari wa Raketi: Na Ufaransa je? 1974 nyota Jimmy Connors na Evonne Goolagong walizuiwa French Open, mashindano makubwa ya Paris, kwa kusaini ligi hii. Msimu ulianza Mei, ukagongana na Paris. Mchezaji mkubwa akilazimika kuchagua, mwenye timu anamlipa zaidi.

Seti_Moja: Connors alichukua mataji mengine yote matatu makubwa mwaka huo. Ligi ilimnyima la nne!

Mzee Kipanga: Aliyemfungia mlango ni shirikisho la Ufaransa, siyo ligi. Usigeuze maneno, kijana.

Seti_Moja: Angejua mlango utafungwa, angesaini?