Preludi ya Chopin ya C maina: vitabu viwili vinapingana, nifuate kipi?

mpigakinanda_moshi

Habari za jioni wakuu. Mimi napiga kinanda kanisani hapa Moshi. Noti nilifundishwa kwenye kwaya, piano nimeishika sawasawa huu mwaka wa tatu. Sasa hivi niko na preludi (kipande kifupi cha piano) ya mtunzi Chopin, Op. 28 namba 20, yaani ya 20 katika kazi yake namba 28, ile fupi ya vipimo 13, inayotembea kama watu wanaosindikiza jeneza.

Ninacho kitabu alichoniachia mzee mmoja wa kwaya. Hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeng'oka. Pia nina PDF niliyoishusha kwenye simu. Angalieni kipimo cha tatu, kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya mwisho. Kitabu kimeandika E flati (E iliyoshushwa nusu hatua), kwa hiyo unapata C maina, yenye sauti ya huzuni. PDF haina flati, inatoka C meja, yenye sauti ya kung'aa. Noti moja tu, lakini ukipiga polepole inabadilisha uso wa wimbo mzima.

Nani kakosea? Naomba kujua kwa sababu mdogo wangu anakuja Desemba kutoka Ujerumani na kaniambia nichague kitabu kimoja cha Chopin anibebee. Kimoja tu. Sitaki nije kujifunza makosa ya mchapaji.

juma_keys

Mkuu, piga maina. Wimbo wenyewe ni wa huzuni, hiyo meja itaingiaje katikati? Hela ya kitabu nunulia spika.

MwalimuWaPiano_Nbi

Ndugu yangu wa Moshi, usikitupe kitabu cha mzee wala usiifute PDF. Hapo mchapaji hana kosa. Utata ulianzia kwa Chopin mwenyewe.

Tazama kodi ya pili ya kipimo hicho hicho. Ina E isiyo na flati. Chopin alipofika kodi ya mwisho hakuandika alama yoyote, na kwa kanuni ya noti E ile inaendelea hivyo mpaka mstari wa kipimo. Ndiyo meja yako. Lakini kwenye nakala ya mwanafunzi wake Jane Stirling, ambayo ipo hadi leo, flati imeongezwa kwa mkono. Basi alisahau tangu mwanzo akaja kusahihisha darasani, au alibadili mawazo? Wahariri wamegawanyika hapo. Juma, kwa hiyo hoja ya huzuni pekee haitoshi. Mimi mwenyewe napiga maina, ila napiga nikijua kwamba meja nayo ina mashahidi.

Na ujue mambo yalikuwaje wakati ule. Hakimiliki ya nchi moja haikulinda kazi nchi nyingine, kwa hiyo Chopin alikuwa anauza wimbo mmoja kwa wachapishaji watatu: Ufaransa, Ujerumani na Uingereza. Preludi hizi zilitoka 1839. Mchapishaji wa Paris alichonga mabamba ya kuchapia kutoka kwenye mwandiko wa Chopin mwenyewe; Breitkopf & Härtel wa Leipzig, Ujerumani, walipewa nakala iliyoandikwa na rafiki yake, Julian Fontana. Hata aliyetunukiwa kazi si mmoja: chapa ya Paris imeandikwa Camille Pleyel, ya Leipzig imeandikwa Kessler. Halafu Chopin akifundisha anachukua penseli, anaongeza kitu kwenye kitabu cha mwanafunzi huyu, kwa yule anaweka kingine. Ukiuliza "Chopin aliandika nini" lazima uulize pia lini, na kwa nani.

Niliyaelewa haya kwa kuchelewa. Nilikuwa na mwanafunzi, binti wa miaka 15, ananipigia Fantaisie-Impromptu, kipande kingine cha Chopin. Mimi namfuata kwenye kitabu changu, namsimamisha kila baada ya vipimo vichache: hapana, rudia, hapana. Macho yakamjaa machozi. Ndipo nikainuka nikatazama kitabu chake. Changu kilikuwa na ile aliyoitoa Fontana 1855, Chopin keshakufa miaka sita. Chake kilifuata mwandiko wa 1835 ambao mpiga piano Arthur Rubinstein aliukuta Paris na ukachapishwa 1962. Mtoto alikuwa anasoma vizuri kabisa. Nilimwomba msamaha, na tangu siku hiyo sisahihishi noti kabla sijasoma jalada.

Sasa kitabu cha kubebewa. Toleo la Poland linaloitwa kwa jina la mpiga piano Paderewski wengi tumekulia nalo, ila Paderewski alifariki 1941 na vitabu vilianza kutoka 1949; kazi kubwa ni ya wahariri wenzake, Bronarski na Turczyński, nao walipenda kunyoosha palipopinda. Toleo la Mikuli lina heshima yake maana alikuwa mwanafunzi wa Chopin, na unalipata bure mtandaoni. Lakini mdogo wako akiwa Ujerumani, mwambie atafute kati ya toleo la mchapishaji Henle, jalada la buluu, au toleo la kitaifa la Poland alilolihariri Jan Ekier. Kama ni mimi, Ekier, kwa sababu anakuwekea vibadala vya Chopin palepale kwenye ukurasa, na nyuma kuna maelezo ya kila kipimo chenye utata. Aangalie limeandikwa "Preludes", asije akabeba nokturni.

mpigakinanda_moshi

Shikamoo mwalimu, na asante sana. Nimerudi kwenye kitabu cha mzee na taa ya simu. Ile flati si ya chapa! Imeandikwa kwa wino, imefifia hadi inafanana na nyingine. Kumbe vitabu vyangu vyote viwili vilichapwa bila flati, na aliyeiweka ni mzee mwenyewe au mwalimu wake. Je, niifute?

MwalimuWaPiano_Nbi

Marahaba. Usiifute jamani! Piga picha ukurasa huo uuweke hapa tuuone. Na kama kuna namba za vidole kwa wino huo huo, zijaribu kwanza kabla ya zile za chapa, huenda mzee alikuwa na mkono kama wako.