Vifaa vya kuzamia kwa kikundi cha watu wanane: vipya vya bei nafuu, vya mtumba, au kukodi?

Kijana wa Bamburi
Assalaam aleikum wanajukwaa. Kikundi chetu kina vijana wanane, wote wenye vyeti vya kuzamia, na kazi yetu ni kuotesha matumbawe ndani ya mwamba, mahali ambapo kina hakizidi mita 12. Mpaka sasa tumekuwa tukikodi kila kitu. Tumechangishana fedha za kutosha kuanzia, lakini si za kununua vyote kwa mkupuo mmoja. Je, ni afadhali tuchukue seti mpya za bei ya chini, tununue mtumba wa kampuni zinazojulikana, au tununue baadhi tu na kuendelea kukodi vingine? Tungependa pia siku moja kuiona MV Dania, ile meli iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002, ambayo iko kwenye kina cha takriban mita 30.

Fundi wa Likoni
Waaleikum salaam, mwanangu. Mitungi msinunue kwa sasa. Bila kompresa yenu wenyewe mtalazimika kuipeleka kwenye kituo kila mara ili ijazwe, na kituo chochote makini hakitajaza mtungi ambao muda wa ukaguzi wake umepita. Kwa kawaida mtungi hutazamwa ndani kila mwaka, na hupimwa kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5. Gharama hizo zinakufuateni hata katika miezi ya kusi, wakati bahari imechafuka na mitungi imelala stoo.

Siku mtakayoamua kuinunua, someni kwanza mihuri iliyogongwa begani mwa mtungi. Mitungi ya zamani ya alumini iliyotengenezwa kwa aloi ya 6351 inajulikana kwa kupata nyufa shingoni, na kwa sababu hiyo watengenezaji walihamia aloi ya 6061; mimi binafsi sigusi mtungi wa alumini uliotengenezwa kabla ya 1990, hata nikipewa bure. Mtungi wa kawaida wa alumini, wa lita 11.1, huwa mwepesi majini hewa inapokaribia kwisha, kwa hiyo mzamiaji huongeza takriban kilo 2 za risasi kiunoni. Ule wa feleji hauna tabu hiyo, lakini hushika kutu, hasa chini ya kikalio cha plastiki ambako maji ya chumvi hukaa bila kuonekana.

Bi Shanzu
Nakubaliana na Fundi kuhusu mitungi. Fedha zenu ziwekeni kwenye regyuleta, yaani kifaa kinachopunguza shinikizo la hewa ya mtungi ili mzamiaji aivute, nazo ziwe mpya, na nane zote ziwe za aina moja. Regyuleta yenye pistoni rahisi, kama Scubapro MK2 au Cressi AC2, ina vipande vichache vinavyosogea, na kuihudumia hakuna mambo mengi. Ni kweli kwamba upumuaji huwa mzito kidogo kadiri shinikizo la mtungi linavyoshuka, lakini kwenye mita 12 hamtalihisi sana. Mkiwa na aina moja, seti moja ya spea inamfaa kila mmoja, na ikiharibika ya huyu anaazima ya yule bila kuanza kujifunza upya.

Nahodha Mstaafu
Dada yangu, hapo ninatofautiana nawe kidogo. Watu wanaopiga magoti kwenye mchanga wakifunga matumbawe wanahitaji regyuleta ya kiwambo, yaani yenye utando wa mpira badala ya pistoni, kwa sababu maji na mchanga havifiki kwenye sehemu nyeti za ndani kwa urahisi kama kwenye pistoni ya kawaida. Ya mtumba iliyotunzwa vizuri inaweza kukaribia bei ya pistoni mpya.

Bi Shanzu
Inaweza, Nahodha, mpaka uongeze gharama ya huduma. Kampuni nyingi haziuzi spea ila kwa mafundi walioidhinishwa, na mtumba huja mmoja mmoja: huyu ana toleo hili, yule lile. Kwa mtu binafsi ningesema sawa. Kwa kikundi, hapana.

Kijana wa Bamburi
Nimewaelewa. Na jaketi la kuelea? Miongoni mwetu kuna dada mwembamba sana na kaka mwenye mwili wa mcheza raga.

Fundi wa Likoni
Hapo ndipo jaketi za kawaida zinapowashinda vikundi, kwa kuwa huuzwa kwa saizi. Tazameni mfumo wa bati la chuma kisichoshika kutu mgongoni, mkanda mmoja mrefu, na puto la nyuma linalojazwa hewa ili kuelea. Mkanda hurekebishwa kwa kila mwili, bati halichakai, na puto likitoboka hubadilishwa peke yake. Bei ya kuanzia huenda ikawashtua, lakini uzito wa bati unapunguza risasi mtakazobeba.

Jambo jingine ni maji ya kusuuzia, ambayo watu hawayaweki kwenye bajeti. Visima vingi vya hapa kwetu vina maji ya chumvi, na kusuuza kwa maji hayo ni kujidanganya. Nunueni pipa na maji matamu, hata kama ni ya mkokoteni, na msisahau kuingiza maji ndani ya puto na kuyamwaga, kwa maana chembe za chumvi zikikauka humo hulila.

Bi Shanzu
Miwani kila mtu ajinunulie yake, kwa sababu uso hauazimwi. Mapezi yawe ya mpira mzito yenye kamba inayorekebishika. Nguo nyembamba ya mwili mzima inatosha kukinga yavuyavu wakati wa kaskazi. Wakati wa kusi ongezeni suti ya milimita 3. Kompyuta ya kuzamia, ile ya mkononi inayofuatilia kina na muda, kama Cressi Leonardo, ina kitufe kimoja, na betri mnabadilisha wenyewe, lakini kila mzamiaji lazima awe na yake.

Kijana wa Bamburi
Basi tutaanza na regyuleta nane mpya za pistoni, kompyuta, na mabati manne, kwani huwa tunazamia kwa zamu, wanne wanne. Mitungi tutaendelea kukodi. Je, regyuleta ziwe za DIN, zinazozungushwa na kuingia ndani ya vali ya mtungi, au za kubana juu ya vali kwa skrubu?

Fundi wa Likoni
Agizeni DIN pamoja na adapta, kwa sababu ikivishwa adapta hufunga pia kwenye vali ya kubana. Kabla ya kulipa, nendeni kwenye kituo mnachokodi mkatazame vali zake kwa macho yenu.